Kusoma ili Kuandika: Zoezi la Kuendeleza Matini katika Mtihani wa China na Nafasi Yake katika Mazoezi ya Kiingereza cha Sekondari Kata ya Ibaba, Wilaya ya Ileje

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna stadi za kusoma na kuandika Kiingereza zinavyoweza kufanyiwa mazoezi kwa pamoja kwa ajili ya mitihani ya taifa. Kitovu cha maelezo ni zoezi moja la mtihani wa kujiunga na vyuo vikuu nchini China, ambapo mtahiniwa husoma hadithi isiyokamilika kisha akaiendeleza kwa maandishi yake. Inajengwa hoja kwamba zoezi hilo linafaa mahali ambapo Kiingereza hukutana na mwanafunzi kwenye karatasi tu, kama ilivyo katika Kata ya Ibaba, kwa masharti kwamba matini ifupishwe, usahihishaji upunguzwe mzigo, na lugha azijuazo mwanafunzi zizingatiwe katika kuteua matini yenyewe. Maelezo yametokana na nyaraka za sera, miundo ya mitihani na maandishi ya kiisimu. Hayakutokana na vipimo vya darasani.

Utangulizi

Kata ya Ibaba ni miongoni mwa kata za Wilaya ya Ileje, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Wilaya hiyo imepakana na Malawi kwa upande wa kusini, na Mto Songwe ndio mpaka. Katika wilaya hiyo na majirani zake huzungumzwa Kindali, Kilambya, Kimalila na Kinyiha, lugha ambazo wanaisimu wa Kibantu huziweka katika kundi M. Mtoto wa huko hujifunza kuzungumza katika mojawapo ya lugha hizo, husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na anapoingia Kidato cha Kwanza hukuta karibu masomo yote isipokuwa Kiswahili yanafundishwa, au angalau yanaandikwa ubaoni, kwa Kiingereza.

Ni vema kutofautisha hali hii na ile ya Tunduma, mji wa mkoa huohuo. Tunduma ni mji wa mpaka. Malori ya kwenda Zambia na Kongo hupanga foleni, na kijana anaweza kusikia Kiingereza vinywani mwa madereva, mawakala wa forodha na wafanyabiashara, hata kama ni Kiingereza cha kuombea njia na kupatana bei. Ibaba iko mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Hapo Kiingereza hakina soko wala kituo cha basi. Kipo katika kitabu, ubaoni na katika karatasi ya mtihani. Kwa hiyo, swali la jinsi ya kufanya mazoezi ya kusoma na kuandika halina uzito sawa katika sehemu hizo mbili. Kwa mwanafunzi wa Ibaba, kusoma si stadi mojawapo kati ya nne. Ndiyo mlango pekee ambao lugha huingilia. Kisichosomwa hakitaandikwa, kwa kuwa hakuna mahali pengine kilikosikika.

Kutoka kuweka kivuli hadi kuandika insha

Ugumu wa mwanafunzi wa sekondari huanza kabla ya sekondari. Mwaka 2012 Baraza la Mitihani la Tanzania lilianza kutumia, katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, fomu maalumu za majibu zinazosomwa na mashine. Mtahiniwa alichagua herufi na kuweka kivuli. Usahihishaji ukawa wa haraka, na malalamiko kuhusu upendeleo wa wasahihishaji yakapungua nguvu. Hata hivyo, gharama yake ilikuwa kubwa kwa upande wa lugha: mtoto aliweza kufaulu somo la Kiingereza bila kuandika sentensi hata moja ya Kiingereza mbele ya mtahini. Maswali machache ya kuandika majibu yalirejeshwa baadaye, lakini mazoea ya darasani hayabadiliki kwa kasi ya muundo wa mtihani.

Mwanafunzi huyohuyo, baada ya miaka miwili tu ya sekondari, hukabiliwa na Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili, ambao ndio kizingiti cha kuingia Kidato cha Tatu. Miaka miwili baadaye hufanya mtihani wa Kidato cha Nne. Katika somo la Kiingereza hutakiwa kusoma kifungu cha habari na kujibu maswali ya ufahamu, kufupisha habari, kuunda sentensi, kuandika barua, na kujadili kwa insha vitabu vya fasihi. Muhimu zaidi ni kwamba kusoma na kuandika kwa Kiingereza hakuishii katika somo la Kiingereza. Swali la Biolojia kuhusu usafirishaji wa maji katika mmea ni swali la ufahamu kabla halijawa swali la Biolojia. Hapa ndipo hatari ilipo kwa mwanafunzi wa kata: akishindwa lugha moja, masomo mengine huanguka pamoja nayo.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye, ripoti ya Clive Criper na William Dodd ilionyesha kuwa ni wanafunzi wachache sana wa sekondari waliokuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Jawabu lililofuata lilikuwa mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, uliofadhiliwa na Uingereza, ambao ulisisitiza usomaji wa vitabu vyepesi. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa mwanzoni mwa 2013, yalipoonyesha zaidi ya nusu ya watahiniwa wamepata daraja sifuri, taifa zima lilishtuka, ingawa wasomaji wa ripoti ya 1984 hawakuwa na sababu kubwa ya kushangaa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilifungua mlango wa kutumia Kiswahili katika ngazi zote, lakini Kiingereza kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni halali na haujafungwa. Makala haya hayaufungi. Yanashughulikia mwanafunzi ambaye atafanya mtihani huo mwezi Novemba, mjadala uwe umekwisha au haujaisha.

Katika ripoti za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa ambazo Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka, malalamiko hujirudia: watahiniwa hunakili sehemu za kifungu cha habari bila kuzihusisha na swali, huchanganya Kiswahili na Kiingereza, au huacha nafasi wazi. Kunakili kunastahili kuangaliwa kwa jicho lingine. Kwa kawaida huchukuliwa kuwa ni uvivu au udanganyifu. Lakini mwanafunzi anayenakili anafanya jambo ambalo kila mjifunzaji wa lugha hulifanya: anaazima lugha mahali ilipo. Kosa lake ni kwamba ameazima bila kazi ya kuifanyia. Zoezi linalofafanuliwa hapa chini linaugeuza uazimaji huo kuwa kazi.

Zoezi la kuendeleza matini nchini China

Mtihani wa taifa wa kujiunga na vyuo vikuu nchini China, uitwao gaokao, ulirejeshwa mwaka 1977 baada ya Mapinduzi ya Utamaduni. Kiingereza kina alama 150 katika mtihani huo. Katika muundo mpya unaotumika katika majimbo mengi, kusikiliza kuna alama 30, kusoma 50, matumizi ya lugha 30, na kuandika 40. Alama hizo 40 za kuandika zimegawanywa: 15 ni za andiko fupi la matumizi ya kawaida, kama vile barua au tangazo, na 25 ni za kuendeleza hadithi.

Sehemu hii ya mwisho ndiyo yenye maana kwa mjadala huu. Mtahiniwa hupewa hadithi ya maneno yapatayo 350 ambayo imekatishwa kabla ya mwisho. Hupewa pia sentensi mbili: moja ya kuanzia aya ya kwanza, nyingine ya kuanzia aya ya pili. Anatakiwa kuandika maneno yapatayo 150 yatakayoikamilisha hadithi. Jimbo la Zhejiang lilikuwa la kwanza kutumia swali hili katika mtihani, mwaka 2016, na katika toleo hilo la mwanzo mtahiniwa alitakiwa kutumia angalau maneno matano kati ya yale yaliyopigiwa mstari ndani ya hadithi. Baadaye sharti hilo liliondolewa, pengine kwa sababu lilizaa sentensi zilizoshonwa kwa nguvu ili neno lipate pa kukaa.

Msingi wa kinadharia wa zoezi hilo unahusishwa na Wang Chuming wa Chuo Kikuu cha Guangdong cha Mafunzo ya Nje. Hoja yake ni rahisi kueleza. Watu wawili wanapozungumza, kila mmoja huchukua maneno na miundo ya mwenzake bila kukusudia. Jambo hili lilichambuliwa na Pickering na Garrod mwaka 2004. Mjifunzaji asiye na mtu wa kuzungumza naye hukosa faida hiyo. Ukimpa matini nzuri isiyokamilika na kumtaka aikamilishe, matini inakuwa mzungumzaji mwenzake. Akili yake ina jambo la kusema, kwa kuwa mwisho wa hadithi ni wake, na lugha ya kulisemea iko mbele ya macho yake. Tofauti kati ya anachoelewa na anachoweza kuandika hupungua, maana kinachoeleweka huvutwa ndani ya kinachoandikwa.

Ni dhahiri kwamba mazingira hayafanani. Nchini China Kiingereza ni somo. Mwanafunzi wa huko husoma Fizikia na Historia kwa lugha yake ya shule, na anayeshindwa Kiingereza hushindwa Kiingereza tu. Aidha, shule nyingi za mijini nchini humo zina vitabu na walimu wa kutosha. Hata hivyo, kuna ufanano mmoja wenye uzito: katika sehemu kubwa ya China, kama Ibaba, Kiingereza hakisikiki nje ya darasa. Ni lugha ya karatasi. Ufanano huo ndio unaohalalisha kuazima zoezi lenyewe. Hauhalalishi kuazima mtihani wote.

Mfano wa matini na sababu za kuiteua

Ili kueleza utendaji wa zoezi, ifikiriwe matini fupi ya maneno 120 hivi, ambayo inaenea ubaoni. Mfano huu umebuniwa kwa ajili ya maelezo haya. Msichana aitwaye Neema ametumwa na babu yake mashineni kusaga mahindi. Babu amemwonya asivuke kijito baada ya giza kuingia. Mashineni kuna foleni ndefu, na mvua inanyesha. Anapoondoka na debe la unga kichwani, jua linazama. Anafika kijitoni na kukuta gogo la kuvukia limechukuliwa na maji. Matini inaishia hapo. Sentensi ya kuanzia aya ya kwanza ni: «Neema put the tin down and looked at the water.» Ya aya ya pili ni: «When she reached home, her grandfather was standing at the door.»

Kila kipengele kimewekwa kwa sababu. Kwanza, zoezi linapima usomaji bila swali la ufahamu. Mtahiniwa anayeandika kwamba Neema alimwaga mahindi mtoni hakusoma, kwa kuwa mahindi yalikwisha kusagwa. Anayeandika kwamba babu alimpongeza kwa ujasiri wa kuvuka usiku amesahau onyo. Anayemfanya Neema angoje asubuhi amelisahau giza lililokuwa likiingia, au ameamua kulitii onyo. Hapo mtahini hana budi kusoma sentensi inayofuata ndipo ajue. Mwanafunzi hawezi kubahatisha kama anavyobahatisha herufi.

Suala la njeo ndilo lenye utajiri zaidi, na linahitaji kuangaliwa kwa makini kwa sababu watahini wengi huliona kama «sarufi mbaya» na kulipita. Katika Kiswahili, msimulizi huweka wakati mara moja, kisha matukio yanayofuata hufungwa kwa kiambishi -ka-: alishuka mtoni, akatua debe, akatazama maji, akaanza kulia. Kiambishi -li- kimesema kuwa jambo limepita. -Ka- haihitaji kulisema tena, inasema tu kuwa tukio hili limefuata lile. Lugha za eneo hilo nazo zina njia zao za kuunganisha matukio katika simulizi. Helen Eaton ameandika kuhusu usimulizi wa Kimalila, na Robert Botne alitoa mwaka 2008 muhtasari wa sarufi ya Kindali kinachozungumzwa upande wa Malawi. Maandishi hayo yanafaa kusomwa na yeyote anayesahihisha Kiingereza cha Ileje. Kiingereza, kwa upande wake, hudai kila kitenzi cha simulizi kivae wakati uliopita upya, hata kama kiko cha kumi katika mfululizo.

Mwanafunzi aliyezoea -ka- anaweza kuandika hivi: «Neema put the tin down and looked at the water. She see the water is many and she start to cry.» Mfano huu pia ni wa kubuni, lakini mwalimu yeyote wa sekondari ataitambua sura yake. Vitenzi vya sentensi ya pili havina wakati uliopita. Kwa mtahini, hiyo ni sentensi yenye makosa manne au matano. Kwa mchambuzi wa lugha, huenda mwandishi amefuata kanuni, isipokuwa si ya Kiingereza: wakati umekwisha kuwekwa na sentensi ya kwanza, kilichobaki ni mfuatano. Hata neno «many» kwa maji lina chanzo, kwa kuwa Kiswahili husema maji mengi kama kisemavyo mayai mengi. Aidha, sentensi ya kuanzia ina mtego: kitenzi «put» hakibadiliki umbo katika wakati uliopita, kwa hiyo anayekitazama peke yake hajui kama wakati umewekwa. Ni «looked» ndicho kinachomjulisha. Mwalimu anayeteua sentensi za kuanzia anapaswa kujua anachokifanya. Sentensi yenye «put», «cut» na «hit» peke yake ingekuwa mwongozo mbovu.

Zoezi la kuendeleza matini lina nafuu hapa ambayo insha huru haina. Matini ya juu imejaa vitenzi vya wakati uliopita katika mfululizo uleule anaotakiwa kuuendeleza. Mwalimu anaweza kumwambia mwanafunzi: rudi juu, uone mwandishi amefanya nini na kila kitenzi. Katika insha huru yenye kichwa kama «Siku Nisiyoisahau», hakuna juu pa kurudi.

Babu naye hakuwekwa kwa bahati. Kiambishi a- cha Kiswahili hakibagui jinsia, na mwandishi Mswahili akisema alimwambia hatulazimiki kujua kama ni mwanamume au mwanamke. Angekuwa bibi, mwanafunzi angeandika «she» mfululizo na kupata kila kitu bila kujua. Kwa kuwa ni babu, aya ya pili inamlazimu achague «he» au «she» kila anapotaja mmoja wao, na msomaji anayechanganyikiwa ni ushahidi wa wazi kuliko mstari wa kalamu nyekundu. Ndivyo ilivyo pia kwa debe. Linapotajwa kwa mara ya kwanza katika matini ni «a tin»; katika sentensi ya kuanzia limekuwa «the tin». Kanuni hii, ambayo vitabu vya sarufi huieleza kwa kurasa nyingi na wanafunzi huisahau kwa wiki moja, hapa inaonekana ikitenda kazi: debe ni lilelile, msomaji analijua.

Vitabu, ubao na muda

Mazoezi yoyote yanayopendekezwa kwa shule ya kata hukabiliwa na swali la vitabu. Zoezi hili halidai kitabu kwa kila mwanafunzi. Matini ya maneno 120 huandikwa ubaoni na kunakiliwa, na kunakili kwa makini ni sehemu ya mazoezi ya kusoma. Mahali penye nakala chache za vitabu vya fasihi, mwalimu husoma kwa sauti hadi tukio linapofikia kilele, kisha hufunga kitabu. Vitabu vya Richard Mabala vilivyotumika kwa madarasa ya chini, «Hawa the Bus Driver» na «Mabala the Farmer», vina matukio mafupi yanayokatika vizuri.

Kwa Kidato cha Tatu na cha Nne nafasi ni pana zaidi. «Weep Not, Child» ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotolewa mwaka 1964 na kusomwa na vizazi vya watahiniwa wa Tanzania, inamalizikia pale Njoroge, aliyekuwa tayari kujinyonga, anapoitwa na mama yake na kurudi naye nyumbani. Mwanafunzi anaweza kuombwa aandike asubuhi inayofuata. Hawezi kuiandika bila kujua Njoroge aliiamini shule kwa kiasi gani na imemvunja vipi. Zoezi la namna hii linampa yule anayekariri majina ya wahusika na dhamira kutoka katika madesa sababu ya kukifungua kitabu chenyewe, kwa kuwa madesa hayana asubuhi inayofuata. Katika ushairi zoezi halifai sana, na haifai kulilazimisha; lakini inafaa kukumbusha kuwa David Rubadiri, mhariri wa «Growing Up with Poetry», alikuwa mshairi wa Malawi, nchi iliyo ng'ambo ya Mto Songwe. Ni nadra kwa mwanafunzi wa Ileje kukutana katika mtaala na jina la karibu kiasi hicho.

Kizuizi kikubwa si vitabu, ni kalamu ya mwalimu. Kipindi kimoja ni dakika 40. Darasa la wanafunzi 40, ambacho ndicho kiwango rasmi na ambacho mara nyingi huzidi, likiandika ukurasa mmoja kila mwanafunzi, na mwalimu akitumia dakika tano kwa kila kazi, ni dakika 200 za kusahihisha kwa zoezi moja la mkondo mmoja. Mwalimu mwenye mikondo minne hawezi. Ndiyo maana maswali ya kujaza nafasi hushinda: si kwamba walimu hawajui thamani ya kuandika, bali hawana saa za kuilipia.

Hivyo maneno 150 ya Zhejiang hayafai. Aya moja ya maneno 50 au 60 inatosha kwa Kidato cha Pili. Mwalimu anaweza kutangaza mapema kwamba wiki hii atasahihisha wakati uliopita tu, wiki ijayo viwakilishi tu, na kuyaacha mengine yapite, jambo ambalo wakaguzi na baadhi ya wazazi hulitafsiri kama uzembe na kwa hiyo linahitaji kuelezwa. Wanafunzi wanaweza pia kubadilishana madaftari na kujibu swali moja tu kuhusu kazi ya mwenzao: je, jambo lolote hapa linapingana na matini ya ubaoni? Swali hilo halihitaji Kiingereza kingi, na linaweza kujadiliwa kwa Kiswahili bila hasara. Kuna walimu wanaoona kwamba Kiswahili kikiingia katika kipindi cha Kiingereza kipindi kimeharibika. Mahali ambapo mwanafunzi ana lugha mbili kichwani kabla ya Kiingereza, kumtaka afikiri kwa ile asiyoijua ni kumtaka asifikiri.

Mashaka ya mtahini

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watahini: zoezi hili halimo katika mtihani wa Tanzania, kwa nini lichukue muda wa yale yaliyomo? Charles Alderson na Dianne Wall walihoji mwaka 1993 dhana iliyozoeleka kwamba mtihani huathiri ufundishaji moja kwa moja, wakaonyesha kuwa athari hiyo inahitaji kuthibitishwa, si kudhaniwa. Kwa mantiki hiyohiyo, haitoshi kudhani kwamba kufanya maswali ya mitihani iliyopita ndiyo njia bora ya kuufaulu mtihani ujao. Maswali yaliyopita humfundisha mwanafunzi sura ya swali. Hayampi sentensi ya kulijibu. Mwanafunzi aliyekwisha kupata sentensi hunufaika nayo sana. Asiyekuwa nayo hurudia kushindwa kwa sura ileile mara kumi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na limetoka Chinani kwenyewe. Zoezi lililobuniwa kuua ukariri limezaa ukariri wake. Vitabu vya mazoezi vya huko vimejaa sentensi za kupambia hadithi: za machozi yanayotiririka, za moyo unaodunda, za machweo yanayoangaza uso wa mama. Mtahiniwa huzihifadhi na kuzipachika katika hadithi yoyote, iwe ya mbwa aliyepotea au ya mbio za shule. Hakuna sababu ya kuamini kwamba vituo vya masomo ya ziada vya Tanzania visingefanya hivyo mara swali likiingia katika mtihani wenye uzito. Hii ndiyo sababu ya kulipendekeza hapa kama zoezi la darasani na si kama swali jipya la mtihani wa taifa. Linafanya kazi vizuri pale ambapo hakuna daraja linalolitegemea.

Mtafiti atakayetaka kulipima katika Kata ya Ibaba au kwingineko wilayani Ileje atakuta ugumu wa kupata kipimo huru. Alama za Upimaji wa Kidato cha Pili hazitoshi, kwa kuwa zinachanganya mambo mengi na huja mara moja kwa mwaka. Kipimo chenye uwazi zaidi ni kuhesabu, katika kazi za mwanafunzi mmoja kuanzia Februari hadi Septemba, ni kitenzi cha ngapi katika mfululizo ambapo wakati uliopita unaanguka. Mwanafunzi wa Februari anaweza kuuacha kwenye kitenzi cha pili. Akiubeba hadi cha sita mwezi Septemba, bila matini ya ubaoni mbele yake, kuna jambo limehama kutoka katika kusoma kwenda katika kuandika. Akiubeba pale tu matini inapokuwapo, bado anaazima, na mtafiti atalazimika kulisema hilo katika matokeo yake. Inafaa pia kuandika kando ya kila kazi lugha ya nyumbani ya mwandishi. Darasa moja la Ileje linaweza kuwa na wazungumzaji wa Kindali, Kimalila na Kilambya katika dawati moja, na haijulikani bado kama -ka- ya Kiswahili ndiyo inayowaangusha wote, au kila lugha ina mahali pake pa kuangusha.